Filamu ya Watu wa Kawaida Si Jalada la Polisi

Tangu BBC Africa Eye itoe filamu yake ya uchunguzi, Blood Parliament, mwishoni mwa Aprili 2025, kuhusu waandamanaji waliouawa nje ya Bunge la Kenya Juni 25, 2024, watazamaji wetu wameokota kipimo kimoja na kukitumia kwa kila kitu. Filamu yoyote inayogusa damu ya siasa huulizwa: imemtaja aliyefyatua? Isipomtaja, basi ni ya kulialia, ya kuwapendeza wafadhili, ya kupelekwa kwenye matamasha ya Ulaya na kurudi na cheti. Filamu huru inayomfuata mama mchuuzi wa mboga kwa mwaka mzima baada ya mwanawe kuzikwa hupewa mtihani uohuo, na bila shaka huanguka. Kasoro iko kwenye mtihani. Filamu ya watu wa kawaida waliokumbwa na ghasia za kisiasa haina kazi ya kujibu nani aliua. Inaonyesha maisha yaliyokuwepo kabla, na yanavyoendelea baada ya kamera za habari kuondoka. Tukizidi kuilazimisha ifanye kazi ya mpelelezi tutaharibu mambo mawili kwa mpigo: ushahidi utakuwa mbovu, na watu waliokubali kurekodiwa watawekwa hatarini bila kuulizwa.

Tuanze na kazi ya uchunguzi yenyewe, maana wengi huisifu bila kujua inavyopikwa. Timu ya filamu ile ilichambua picha zaidi ya 5,000. Kazi ya namna hiyo huanza kwa kutafuta faili asilia. Video iliyopita WhatsApp imebanwa na kuvuliwa taarifa zake za saa na mahali. Inayofaa ni iliyotolewa kwenye simu yenyewe kwa waya, au angalau iliyotumwa kama dokumenti. Halafu huja kuoanisha. Simu kumi zilizokuwa barabara moja hupangwa kwenye mstari mmoja wa saa, mara nyingi kwa kutumia mlio wa risasi ambao zote ziliusikia, na hapo ndipo wasiojua huharibu. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Simu iliyokuwa mita 340 kutoka kwenye bunduki ilisikia mlio sekunde nzima baadaye, yaani fremu 25, zile picha moja moja zinazounda video, kwenye meza ya uhariri. Mhariri akizipanga simu zote kwa mlio huo bila kuhesabu umbali, kijana ataonekana anaanguka kabla ya risasi kutoka, au askari mwingine kabisa ataonekana kainua mtutu wakati ule. Tena simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, kwa hiyo sauti na picha huachana kidogo kidogo kadiri dakika zinavyosonga, mpaka faili igeuzwe kuwa ya kasi moja. Ni kazi ya hesabu, ramani na subira. Mama mchuuzi haihusu hata kidogo, isipokuwa kama shahidi wa mahali alipokuwa amesimama.

Na hata hesabu ikiwa safi, haifiki mbali kama tunavyodhani. Januari 2008, Kondele, Kisumu, kamera ya televisheni ilimnasa askari akimpiga risasi kijana asiye na silaha, na nchi nzima ikaona. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia askari aliyeshtakiwa kwa sababu namba za bunduki kwenye ushahidi hazikulingana. Picha ilikuwepo, silaha ilipotelea kwenye makaratasi. Familia ya marehemu ilibaki na nini baada ya hukumu ile? Hilo hakuna video ya tukio inayoweza kulieleza, hata ingepigwa na simu mia moja kutoka kila upande wa barabara.

Sasa tazama kazi ile nyingine. Something Necessary ya Judy Kibinge ilitoka 2013, miaka mitano baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Inamfuata Anne, muuguzi aliyepoteza mume na nyumba, na Joseph, kijana aliyekuwa kwenye genge lililowavamia. Mtazamaji anajua nani alikuwa wapi, na filamu bado ina njia ndefu mbele yake: nani atainua ukuta upya, kwa pesa ya nani, na mtu alalaje tena kwenye shamba lile. Filamu ya aina hii hufa au huponea kwenye vitu vidogo ambavyo wapelelezi hawavihitaji. Idara ya sanaa isiyomuuliza mtu huyapaka mabati masizi meusi, ikidhani moto ni weusi. Bati lililopita kwenye moto mkali halibaki jeusi. Zinki huungua, likabaki kijivu lenye mabaka meupe, limejikunja kama karatasi, na mvua ya kwanza hulianzishia kutu. Sufuria ya alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, joto ambalo nyumba ya mbao inayowaka hulifikia bila shida, na ikipoa huwa bonge linalong'aa lililogandamana na sakafu. Bawaba na vitasa hubaki. Aliyerudi kwake akakuta hivyo atajua kwa sekunde tatu kama mtengenezaji aliuliza au alikisia, na akishajua kwamba alikisia hatamwamini tena, hata mwigizaji akitoa machozi ya kweli.

Kuigiza vurugu nako kuna taratibu zake, na filamu huru, kwa kuwa pesa ni kidogo, ndizo zinazoshawishika kuzikwepa. Bunduki ziwe za mpira, bila baruti hata ile ya kelele tu; mlio huongezwa baadaye kwenye uhariri. Moto utoke kwenye mabomba ya gesi yenye valvu ambayo mtu mmoja ameishika muda wote, kamwe usiwe petroli iliyomwagwa, kwa sababu mvuke wa petroli hutambaa chini na kuwaka mahali ambapo hakuna aliyepanga. Sare za polisi zihesabiwe asubuhi na jioni na zilale ndani ya sanduku lenye kufuli: kuivaa sare ya polisi bila idhini ni kosa la jinai, na mwigizaji aliyetoka nayo kwenda kununua sigara ameshaleta balaa. Chifu na mkuu wa kituo cha polisi wapewe barua mapema. Lakini barua haitoshi. Mtu wa mtaa wenyewe apite mlango kwa mlango siku iliyotangulia na asubuhi ya siku ya kazi, aeleze saa ya mayowe na saa ya mwisho, na mayowe yaishe kabla ya giza. Pasipofanyika hivyo mambo huharibika kwa mtindo uleule kila mara: bibi wa nyumba ya tatu anasikia kilio, anampigia mwanawe simu, mwanawe anawaambia wenzake, na ndani ya nusu saa kundi la vijana wenye mawe limefika kuokoa watu ambao walikuwa wanalipwa kulia. Na aliyewahi kufukuzwa kwa moto hapaswi kuwa miongoni mwa waigizaji wa umati kwenye tukio la moto, hata akiomba mwenyewe kwa sababu anahitaji malipo ya siku. Apewe kazi nyingine kwenye seti, malipo yaleyale.

Kwa filamu ya hali halisi gharama kubwa ni muda. Kamera inayorekodi 4K kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Mwaka mmoja wa kumfuata mtu, ukikusanya saa 150, ni karibu terabaiti 7. Nakala tatu, moja ikikaa nyumba nyingine kabisa, ni terabaiti 20. Kadi haifutwi mpaka nakala mbili zimelinganishwa na ya asili kwa programu ya kuhakiki, si kwa kutazama folda na kuona majina yapo. Kisha mtu akae nazo hizo saa 150. Softie ya Sam Soko, inayomfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake, ilipata tuzo maalumu ya uhariri kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2020, na ukiitazama unaelewa kwa nini: uzito wake uko mezani kwa chakula na kwenye ugomvi wa mume na mke kuliko kwenye gesi ya kutoa machozi. Gesi ya kutoa machozi kila mtu anayo.

Idhini ndiyo sehemu inayochukuliwa kwa wepesi zaidi. Mfiwa atasaini karatasi yoyote siku ya mazishi. Saini ile haina thamani, ingawa wakili anaweza kuitetea. Wanaojua kazi huiomba mara tatu: kabla ya kamera kuwashwa, kwa lugha anayoiotea ndoto na siyo ile ya fomu, baada ya kurekodi, wiki kadhaa zikipita, na mara ya mwisho baada ya kumwonyesha filamu ikiwa bado inaweza kukatwa. Anaelezwa waziwazi tarehe ambayo baada yake hawezi kujitoa, nayo iwe siku ya kufunga uhariri. Ushuhuda haulipiwi, kwa sababu anayelipwa kwa simulizi huanza kuipamba, lakini nauli na siku ya kazi iliyopotea hulipwa, tena siku ileile, kwa kuwa mboga za mchuuzi hazisubiri.

Wanaosema video za simu zinatosha wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukubali. Video ya simu haiombi leseni, haisubiri mfadhili, na ilifika kwa watu saa ileile. Filamu zetu nyingi za machafuko ya 2007 na 2008 zilipita kwenye mikono ya wageni kwa njia moja au nyingine. Hiyo ya Kibinge ilizaliwa ndani ya mradi wa One Fine Day Films wa Ujerumani kwa msaada wa DW Akademie, taasisi ya mafunzo ya shirika la utangazaji la Deutsche Welle. Mtu ana haki ya kuuliza ni nani anayeamua huzuni ipi inafaa kutengenezewa filamu. Bado jibu halipatikani kwenye simu. Video ya sekunde 40 ina mwanzo mmoja tu, ule wa mtu aliyeamua kubonyeza, na mtu huyo alibonyeza kwa sababu jambo limeshaanza. Kijana aliyeuawa anazaliwa machoni petu akiwa tayari anakimbia. Hatujui alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mingapi, wala ni nani aliyemkataza kwenda. Hata umbo lenyewe la picha linakataa kushirikiana: video iliyopigwa wima ikiwekwa kwenye kioo cha upana wa kawaida hujaza chini ya theluthi moja tu, na wahariri wengi hujaza pembeni kwa picha hiyohiyo iliyotiwa ukungu, kana kwamba mtaa ulikuwa na ukungu. Afadhali weusi mtupu.

Hoja ya usawa ni ngumu zaidi kwa sababu inasikika kama ya haki. Inasema: ukionyesha mwathiriwa wa upande huu, mwonyeshe na wa upande ule. Watengenezaji wengi wameitii, na matokeo yake ni filamu ambazo majirani wawili wa makabila mawili wanashikiana mapanga kisha wanakumbatiana. Ripoti ya Oktoba 2008 ya Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilisababishwa na risasi. Zaidi ya theluthi moja. Majirani wa vijijini hawakuwa na bunduki za kuua watu wengi namna hiyo mijini. Kwa hiyo filamu inayogawa maumivu sawasawa kati ya pande mbili imeshaufuta mkono wa tatu, ule wa askari, kabla haijaanza, na imefanya hivyo kwa jina la kutopendelea upande. Pande za ugomvi zilikuwa nyingi kuliko nafasi mbili tunazoziacha kwenye skripti, na mtu wa kawaida mmoja angeweza kuguswa na zote ndani ya wiki moja: kufukuzwa na majirani Jumanne, kupigwa na askari kambini Ijumaa, na kusahauliwa na mbunge wake miaka yote iliyofuata.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni hoja ya kutonesha vidonda: kwamba filamu hizi zitachochea, hasa sasa tunapouelekea uchaguzi wa Agosti 2027. Kwanza, vidonda vinavyozungumziwa havijafungwa na yeyote ili filamu ije kuvitonesha. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Mei 2013 na kuachwa ikae. Pili, uchochezi tunaujua ulivyo, na una sheria yake tangu 2008, ile ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Hufanyika jukwaani, kwenye redio na kwenye makundi ya simu, kwa sentensi fupi zinazotaja watu kwa jumla. Filamu ya dakika 90 kuhusu mjane mmoja anayetafuta cheti cha kifo hufanya kinyume cha hapo: humtoa mtu kwenye jumla. Tatu, hofu ya uchochezi imepewa chombo kisichoifaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa 1962, inataka ombi la leseni ya kurekodi liambatane na maelezo kamili ya matukio na maneno yote yatakayosemwa. Kwa tamthilia hilo linawezekana. Kwa filamu ya hali halisi, mwombaji anatakiwa kuandika leo atakachosema mama mwezi ujao juu ya kaburi ambalo hajaoneshwa bado. Anayetii sheria hiyo kikamilifu analazimika kutunga, na asiyetunga amevunja sheria.

Kuchanganya vipimo kuna athari mbaya kwa watu ambao hawamo kabisa kwenye mjadala huu. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi kuhusiana na Blood Parliament, na BBC ikasema hawakuhusika nayo. Septemba mwaka huo wachunguzi wa Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto inayofuatilia ujasusi wa kidijitali, walieleza kwamba simu za baadhi yao, zilipokuwa mikononi mwa polisi, ziliwekewa programu ya ujasusi iitwayo FlexiSPY. Kila mwenye kamera anapohesabiwa kuwa mpelelezi, saa zake 150 za picha huwa jalada linalostahili kutafutwa, na kila aliyezungumza humo huwa shahidi, apende asipende. Nasi tunakumbuka yaliyowapata mashahidi: Aprili 5, 2016 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walipoisitisha kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang kuhusu machafuko yale, kuingiliwa kwa mashahidi kulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyataja. Mama mchuuzi alikubali kusimulia jinsi anavyopika chakula cha watu wanne wakati wamebaki watatu. Hakukubali kuwa shahidi nambari saba.

Ndiyo maana kuficha sura kunahitaji kufanywa kwa ukali kuliko inavyozoeleka. Ukungu mwepesi usoni haumfichi mtu kwa jirani yake. Anatambulika kwa mwendo, kwa leso, kwa kalenda ya duka iliyo ukutani, kwa sare ya shule iliyoanikwa nyuma. Sauti iliyoshushwa kwa programu inaweza kupandishwa tena na yeyote mwenye programu kama hiyo. Njia inayoaminika ni kumrekodi mwigizaji akisoma maneno yale, kurekodi mikono na migongo tangu mwanzo badala ya kutegemea ukungu baadaye, na kutunza orodha ya majina halisi kwenye diski tofauti iliyofungwa kwa nywila, isiyochomekwa kwenye kompyuta ya uhariri. Simu ikichukuliwa na polisi na kurudishwa, isiwashwe kabla ya mtaalamu kuikagua.

Na siku moja mhariri, katikati ya saa zile, atakuta fremu kumi na mbili zinazoonyesha wazi uso wa askari na mtutu. Hutokea. Wengi huziingiza kwenye filamu kwa fahari, na hapo wameshaziharibu: zimekatwa, zimebadilishwa rangi, zimewekewa muziki, na wakili wa utetezi atauliza nini kingine kimebadilishwa. Faili asilia inapaswa kuachwa bila kuguswa, ikokotolewe alama yake ya uhakiki ya SHA-256, ambayo hubadilika faili ikiguswa hata kidogo, iandikwe kwa kalamu ilitoka kwa nani, lini, kwa njia gani, kisha aliyeirekodi aulizwe, na kwa ridhaa yake nakala ipelekwe na wakili kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, IPOA. Mhariri arudi mezani. Pale kwenye mstari wa saa ambapo fremu zile kumi na mbili zingekaa, kuna sekunde 50 za mama akifungua kibanda chake saa kumi na moja alfajiri, akimwagia sukuma wiki maji, na kumwambia mteja wa kwanza kwamba bei haijapanda.